Kutoka kesi za ardhi hadi sheria za masoko ya mitaji: niende kwa dalali au niisubiri mamlaka?

*"Shikamoo wakili. Nina miaka 29, ni wakili wa Mahakama Kuu na mwaka huu natimiza miaka minne ya kazi. Ofisi niliyopo ipo Dar es Salaam na kesi zetu nyingi ni za ardhi na mirathi. Mwaka jana mteja mmoja aliniletea waraka wa matarajio (maelezo ya kampuni kwa wawekezaji) wa hatifungani ya benki, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji, nimsomee kabla hajaweka fedha zake za kiinua mgongo. Niliusoma usiku mzima, na tangu siku ile natamani kazi hii: kuwa mwanasheria wa usimamizi wa masoko ya mitaji, na nifike ngazi ya juu. Lakini hisabati niliiaga kidato cha nne kwa alama mbaya. Naambiwa bila shahada ya uzamili ya Uingereza hawakuangalii. Baba yangu anasema wakili asiyesimama mahakamani ni karani tu. Sasa kampuni ya udalali wa hisa imenipa nafasi ya ofisa uzingatiaji, yaani wa kuhakikisha kampuni inafuata sheria. Wenzangu wananionya kwamba nikianzia kwa dalali nitakuwa nimejichafulia njia, kwa sababu CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, haitamwamini mtu aliyetoka upande wa wanaosimamiwa. Nisubiri nafasi ya mamlaka au nichukue hii? Na je, nikiajiriwa na mamlaka naweza kubaki na kesi zangu chache za jioni?"*

Marahaba, wakili msomi. Maswali yako ni mengi lakini nyuma yake naiona hofu moja: kwamba kuna mlango mmoja tu wa kuingilia fani hii, na ukikosea hatua ya kwanza basi umefungiwa nje. Haiko hivyo. Wanasheria wakubwa wa masoko ya mitaji ninaowafahamu waliingia kwa njia tofauti kabisa. Wapo waliotoka benki, wapo waliotoka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, wapo waliokuwa makatibu wa kampuni, na wapo waliotoka kwenye kesi za ardhi kama wewe. Swali la dalali nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo lenye tarehe ya mwisho, ila kwanza tuondoe mambo mawili matatu yanayokuziba macho.

Tuanze na hisabati. Sheria ya masoko ya mitaji si sheria ya mahesabu, ni sheria ya taarifa. Ukinunua embe Kariakoo unalishika, unalinusa, unalibonyeza karibu na kikonyo. Hisa haibonyezwi. Anayeinunua ananunua ahadi ya watu ambao huenda hatawaona maishani mwake, na kitu pekee alichonacho mkononi ni kile walichoandika. Ndiyo maana Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, ambayo leo ni Sura ya 79, ikaiunda mamlaka yenyewe kabla hata biashara ya hisa haijaanza. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifungua biashara Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa Tanzania Oxygen. Msimamizi alitangulia soko kwa sababu soko la ahadi bila mtu wa kulazimisha ukweli halichukui muda kuvunjika.

Kwa hiyo mwanasheria anayepitia waraka wa matarajio haulizi kama hisa ni ghali au rahisi. Hilo ni la mwekezaji na mshauri wake. Yeye anauliza: je, mtu mwenye akili ya kawaida akiusoma waraka huu atapata kila kitu kinachoweza kubadilisha uamuzi wake? Mkopo unaodaiwa na kampuni dada umetajwa ukurasa wa mbele au umefichwa kwenye maelezo ya hesabu mwishoni? Kesi ya kodi iliyopo imeelezwa kwa kiasi chake au imeandikwa "kampuni ina masuala ya kawaida ya kikodi"? Hapo unaandika barua ya hoja, kampuni inajibu, unaandika tena. Barua hizo ni kazi ngumu na nzuri, na kinachozifanya ni kusoma kwa ukali na kuandika Kiingereza na Kiswahili kinachoeleweka.

Hesabu unazohitaji ni chache, lakini hizo chache huwezi kuzikwepa. Lazima uisome mizania, taarifa ya mapato na mtiririko wa fedha bila kumwita mhasibu. Lazima ujue kwamba kampuni yenye hisa milioni 100 ikitoa hisa mpya milioni 25 na wewe mwenye hisa milioni 10 usinunue, asilimia yako inashuka kutoka 10 hadi 8, na kwamba swali la kisheria ni kama ulipewa nafasi ya kununua kabla ya mgeni. Lazima uelewe kwa nini hatifungani ikiuzwa chini ya thamani yake ya awali, faida ya anayeinunua inapanda. Haya yanajifunzwa jioni, kwa kalamu na taarifa za fedha za NMB, CRDB au kampuni yoyote iliyoorodheshwa, ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Aliyeweza kugawa mirathi ya wake wawili na watoto tisa hashindwi na hili.

Nimeitaja mirathi kwa makusudi, maana naona unaidharau miaka yako minne. Fikiria mtu aliyenunua hisa za TBL au za CRDB, akafariki, na familia haijui kama zipo. Gawio linakaa bila mwenyewe, na siku moja anakuja mtoto na barua ya usimamizi wa mirathi yenye jina lisilofanana na lililo kwenye daftari la wanahisa. Nani anayejua la kufanya hapo? Wewe. Na kesi za ardhi zimekufundisha jambo ambalo wenzako wa sheria za kampuni hulipata kwa taabu. Umezoea kubishania kama mnunuzi alijua, au alipaswa kujua, kwamba kiwanja kina mgogoro. Sasa tazama kosa la kufanya biashara ya hisa kwa taarifa za ndani. Oktoba 2018 kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilipotangaza nia ya kuinunua KenolKobil ya Kenya, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Kenya ilikuwa imeona ununuzi wa hisa nyingi kabla ya tangazo, ikazuia akaunti zilizotiliwa shaka. Kuanzia hapo kazi ni ya mwanasheria: nani alijua, alijua lini, alijua kutoka kwa nani, na alinunua saa ngapi. Kumbukumbu za vikao, simu, barua pepe na oda zinapangwa kwa mfuatano wa muda. Ni kazi uliyokwishaifanya ukimtafuta aliyeuza kiwanja mara mbili, ila nyaraka ndizo zimebadilika.

Sasa baba yako. Mwambie kwa heshima kwamba mahakama hazikuachwa nyuma. Uamuzi wa mdhibiti unaweza kupingwa. Kwetu kuna Baraza la Masoko ya Mitaji kwa ajili hiyo, na mashauri ya taasisi za umma yakifika mahakamani, mwanasheria wa taasisi hufanya kazi bega kwa bega na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali iliyoanzishwa mwaka 2018. Hata kabla ya kufika huko, chumba cha kusikiliza tuhuma cha mdhibiti kina uzito wake. Mtu anaweza kutoka mle amepoteza leseni, yaani amepoteza riziki.

Ukitaka kuelewa ugumu wa hapo, soma shauri la wakurugenzi wa Imperial Bank ya Kenya. Benki hiyo iliidhinishiwa hatifungani ya shilingi bilioni 2 za Kenya, na Oktoba 2015, kabla tu hatifungani haijaanza kuuzwa sokoni, Benki Kuu ya Kenya ikaiweka chini ya usimamizi wa muda. Mamlaka ya masoko ya mitaji ikawaita wakurugenzi wajieleze kuhusu yaliyoandikwa kwenye waraka. Wao wakaenda mahakamani na hoja ambayo kila mwanasheria wa udhibiti atakutana nayo siku moja: ninyi ndio mlioidhinisha waraka huu, ninyi ndio mnaotuchunguza, na ninyi ndio mtakaotuhukumu; mtakuwaje waamuzi katika jambo linalowagusa? Mahakama Kuu ilikubaliana nao. Mahakama ya Rufani ikatengua. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaona kwamba sheria yenyewe ndiyo iliyoipa mamlaka kazi hizo zote, na kuzishika pamoja peke yake hakutoshi kuthibitisha upendeleo.

Usiishie kwenye nani alishinda. Jiweke kwenye kiti cha mwanasheria wa mamlaka ile siku barua ya wito ilipokuwa ikiandikwa. Kila neno lililoonyesha kwamba tayari wameamua lingekuwa ushahidi dhidi yao. Mtuhumiwa ameelezwa kosa kwa ukamilifu? Amepewa nyaraka? Aliyekaa kwenye kikao cha kuidhinisha atakaa pia kwenye kikao cha kusikiliza? Mambo haya huamuliwa ofisini, miezi mingi kabla jaji hajaiona faili, na huamuliwa na mtu aliyewahi kusimama mahakamani akavunjiwa kesi kwa kasoro ya utaratibu. Kwa hiyo hofu ya baba ina kiini cha kweli: usiache mahakama kabla hujaielewa. Miaka minne ni msingi unaotosha.

Kuhusu shahada ya uzamili ya Uingereza nitasema kwa ufupi. Inafaa, si sharti, na usikope kwa ajili yake sasa. Ukitumia fedha za kukopa kusomea soko la London kabla hujaona soko la hapa likifanya kazi, utarudi na majibu ya maswali ambayo hakuna anayekuuliza. Anza na mafunzo ya cheti ya soko la mitaji yanayoratibiwa na CMSA kwa kushirikiana na taasisi ya CISI ya Uingereza. Soma pia misingi 38 ya IOSCO, umoja wa wasimamizi wa masoko ya mitaji duniani, inayopatikana bure. Ukiwa umeisoma utaelewa kwa nini kanuni zetu, za Kenya na za Uganda zinafanana kama ndugu. Uzamili uje baadaye, ukishajua unataka kuzama wapi, na mara nyingi mwajiri au mfadhili ndiye atakayelipa.

Twende kwa dalali.

Wanaokuambia utajichafua wamechanganya mambo mawili: kufanya kazi upande wa wanaosimamiwa, na kufanya kazi vibaya upande huo. La kwanza ni faida. Mdhibiti anahitaji watu wanaojua oda inavyoingia, fedha za mteja zinavyopita, na mahali ambapo kishawishi hukaa. Ni la pili ndilo linaloharibu jina, na hapo ndipo ninapotaka uwe makini sana.

Machi 2008 Nairobi ilikuwa ikijiandaa kwa uuzaji wa hisa za Safaricom, na ndipo kampuni ya udalali ya Nyaga ikawekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Wateja walikuta hisa zao zimeuzwa bila ridhaa yao na fedha hazipo. Mwaka mmoja kabla yake dalali mwingine wa Nairobi, Francis Thuo, alikuwa amekwishaanguka. Ukichambua maanguko ya madalali popote duniani utakuta mzizi uleule: fedha na dhamana za wateja zimechanganywa na za kampuni. Siku ya kwanza ni "tunazisogeza kidogo tulipe mishahara, Ijumaa tunarudisha". Ijumaa haifiki. Ofisa uzingatiaji ameajiriwa kwa ajili ya siku hiyo ya kwanza. Kazi yake ni kujua kwamba akaunti ya wateja imetengwa na inalinganishwa na daftari, kwamba kila mteja anajulikana na chanzo cha fedha zake kimeulizwa kama Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inavyotaka, kwamba oda ya mteja haipitwi na oda ya mfanyakazi, na kwamba taarifa inayokwenda kwa mdhibiti ni ya kweli.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, waulize mambo haya uso kwa uso, usikubali jibu la barua pepe. Nitaripoti kwa nani? Kama ni kwa mkuu wa mauzo, kataa. Ofisa anayezuia biashara hawezi kupimwa na mtu anayelipwa kwa kuongeza biashara. Unataka njia ya wazi kufika kwa bodi. Je, nitaweza kuziona taarifa za benki za akaunti za wateja wakati wowote bila kuomba ruhusa? Wakisita, umeshajibiwa. Na aliyekuwepo kabla yangu yuko wapi? Mtafute, mnyweshe chai, msikilize zaidi anachokwepa kusema. Hakikisha pia leseni ya kampuni ipo kwenye orodha ya CMSA na ni ya kazi wanayoifanya kweli, maana kuna tofauti kati ya leseni ya dalali, ya mshauri wa uwekezaji na ya msimamizi wa mifuko.

Majibu yakiwa mazuri, mimi ningekushauri uchukue nafasi hiyo. Nasema hivyo nikijua kwamba nafasi za mamlaka hutangazwa kwa nadra, na kumsubiri mwajiri asiyejua kwamba unamsubiri ni kupoteza umri. Kaa pale miaka miwili, mitatu. Nafasi ikitangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, omba. Ukiipata, andika mapema orodha ya wateja na mashauri uliyogusa kwa dalali, uikabidhi, na ujitoe kwenye kila faili linalowahusu. Ukifanya hivyo kwa maandishi siku ya kwanza, historia yako haitakuwa doa.

Ila usiende mamlaka ukiwa na ndoto nusu. Kesi za jioni hapana. Ukiwa mtumishi wa umma huwezi kuendesha uwakili wa kujitegemea pembeni, na kwa mdhibiti ni hatari zaidi, kwa sababu mteja wako wa jioni anaweza kuwa mwanahisa wa kampuni unayoichunguza asubuhi. Ununuzi wako wa hisa utawekewa masharti, na mwenzi wako ataulizwa pia. Mshahara utapanda kwa ngazi, polepole, wakati wenzako wa ofisi kubwa za uwakili wanaoandika nyaraka hizohizo kutoka upande wa kampuni wanakupita. Utajua jambo linaloweza kumtajirisha kaka yako na utanyamaza mezani kwa baba. Kuna watu ambao ukimya huo unawala. Jiulize mapema kama wewe ni mmoja wao.

Unachopata badala yake ni nafasi ya kuandika kanuni na kuziona zikigusa watu. Mwaka 2016 sheria iliyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa kwa umma. Vodacom Tanzania ikatoa hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi bilioni 476. Awali wanunuzi walipaswa kuwa Watanzania. Muda wa mauzo ukaongezwa, na mwishowe ikabidi sheria irekebishwe ili wawekezaji wa nje nao waingie. Kampuni iliorodheshwa Agosti 2017. Nia ilikuwa njema: mwananchi amiliki sehemu ya kampuni anayoilipa kila siku kwa kununua vocha. Lakini kifungu kinachosema nani anunue hakiwezi kuamuru fedha ziwepo mifukoni. Hapa ndipo mwandamizi anapoachana na ofisa wa kawaida. Ofisa anauliza kama kifungu kimeandikwa vizuri. Mwandamizi anauliza kitatekelezeka vipi, nani ataathirika kikikwama, na mlango wa dharura uko wapi, kisha anamwambia hayo waziri au mkurugenzi kabla muswada haujapita, kwa lugha isiyomfedhehesha.

Na kazi zinazidi kuwa ngeni. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayotunza mazingira, ya miaka 10 ya shilingi bilioni 53.12. Mtoaji hapo si kampuni bali ni mamlaka ya maji. Ana uwezo wa kisheria kukopa kwa umma? Mapato ya ankara za maji yanaweza kutengwa kwa ajili ya wenye hatifungani, na yakipungua nani anatangulia kulipwa? Fedha zilizoitwa za kijani zikitumika kwingine, hilo ni kosa la nani? Maswali hayo hayana hukumu ya kunukuu. Yanahitaji mwanasheria anayeweza kufikiri kutoka misingi, na ningefurahi sana kuona vijana wa kesi za ardhi wakiyajibu.

Kuna mambo ambayo hupaswi kuyamaliza kwa barua kama hii. Makabidhiano ya wateja wako wa sasa, hasa wenye mashauri yaliyopangiwa tarehe, yazungumze na mkuu wa ofisi yako, na pakiwa na utata wa maadili nenda Chama cha Mawakili Tanganyika kabla hujaondoka. Mkataba wa dalali mpelekee wakili wa masuala ya kazi, hata kama wewe mwenyewe ni wakili. Hakuna anayeusoma vizuri mkataba anaoutamani. Mwonyeshe hasa kifungu cha usiri: kisikuzuie kutoa taarifa kwa mdhibiti au kwa kitengo cha kudhibiti fedha haramu. Na ikitokea, hata wiki ya kwanza, umeletewa taarifa ya fedha za wateja usaini na hujaruhusiwa kuona nyaraka za benki, usisaini. Andika kwa nini hukusaini, baki na nakala, na siku hiyohiyo umwone wakili unayemwamini ana kwa ana.

Mteja wako aliyekuletea waraka wa hatifungani, usimkabidhi kwa mtu mwingine bila kumwita kwanza. Ukishaanza kazi kwa dalali hutaweza tena kumshauri kama wakili wake huru, na ana haki ya kulisikia hilo kutoka kwako.